Shuka na mto Zigi: siku saba za familia mkoani Tanga

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Moshi. Kila siku magari ya watalii yanapita mbele ya shule yetu kwenda mlimani na mbugani, nasi wenyewe hatujawahi kutembea popote. Mwezi wa saba tuna siku saba: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 13) na mama mkwe, ambaye amevuka sabini na magoti yanamsumbua. Tumefikiria Tanga kwa sababu tunasikia kuna msitu, bahari na mambo ya kale, lakini kila ninayemuuliza ananijibu, "Tanga kuna nini zaidi ya mapango?" Tena tunabishana twende Lushoto au Amani. Na mama tutamtembezaje? Fedha za kuchezea hatuna.

Jibu:

Mwalimu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama, maana safari hii naipanga kwa kumtazama yeye. Akitosheka mwenye magoti mabovu, watoto nao hawatakosa lao. Lakini mkiipanga kwa kasi ya watoto, mama atamaliza wiki nzima ndani ya gari akiwasubiri.

Hilo la "Tanga kuna nini" nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini ya kuongoza wageni mkoani humu, na siku hizi nalijibu kwa neno moja: mto. Kuna mto unaitwa Zigi. Kwenye ramani na vibao mtauona pia umeandikwa Sigi. Unazaliwa kwenye misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki. Unateremka kwenye nchi ya Wabondei, unatua katika bwawa la Mabayani ambako mji wa Tanga hupata maji yake ya bomba, unapita ubavuni mwa Mapango ya Amboni, kisha unaingia baharini kaskazini ya mji. Anayeshuka nao anapata msitu, mapango, mji na bahari, na anaviona vikiwa vimeshikana. Wageni wengi hawafanyi hivyo. Asubuhi wako mapangoni, mchana Pangani, kesho yake Amani kwa saa mbili halafu mbio barabarani. Miaka yangu ya mwanzo niliwapeleka watu kwa mtindo huo kwa sababu ndivyo walivyoagiza, nikawaona wanarudi na picha nyingi na uchovu mwingi, na hakuna aliyeweza kunieleza alichokiona. Kwa hiyo nawashauri ninyi: laleni usiku tatu Amani, usiku mmoja Tanga mjini, usiku mbili Pangani. Siku ya saba mrudi nyumbani.

Kabla hamjakata tarehe, tazameni mwezi. Siku ya sita nataka muende Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini mbele ya Pangani, na fungu hilo huonekana maji yakipwa tu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani yetu hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Huo ndio wakati mnaoutaka. Mkienda siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, mnaweza kulipia mashua na msipate pa kukanyaga. Basi itafuteni siku ya bamvua mwezi wa saba, muiite siku ya sita, mhesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kutoka Moshi. Mpango mwingine wote utajipanga wenyewe.

Sasa ubishi wenu wa Lushoto na Amani. Lushoto ni pazuri, na asiyeipenda Lushoto sijakutana naye. Mnapanda kilomita 33 za lami kutoka Mombo, mnasimama Irente mnaona nyika yote imelala chini yenu, mnakula mboga na matunda ya baridi, na historia ya Wakilindi iko pale pale. Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Unguu na kufanywa mtawala wa Wasambaa, makao ya ukoo wake yalikuwa Vuga, na hadi zama za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, amri ya Vuga ilisikika mpaka pwani. Lakini Lushoto iko njiani kwenu. Siku yoyote ya mapumziko ya siku tatu mnaweza kutoka Moshi mkaenda na kurudi. Tena ni mandhari ya kutazama mbali, na ninyi watu wa Moshi mlima mrefu mnauona mkifungua dirisha. Msitu wa Amani hamna, na hauko popote pengine. Kwa siku saba nawaambia bila kusita: Amani.

Mtajiuliza kwa nini nasema hauko popote pengine. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare mnayoiona mkienda Same, ikaja Usambara, Unguu, Uluguru, mpaka Udzungwa. Kilimanjaro ni volkano, na mbele ya milima hii ni kijana. Upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiiletea mvua kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikafa. Huku msitu ulibaki, kila mlima ukiwa kama kisiwa, na mimea na viumbe vilivyobaki juu yake vikabadilika kivyake mpaka vikawa vya hapo tu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na ina hekta 8,380. Kwa eneo si kubwa. Ila mwalimu wa sayansi akiingia humo na darasa lake hatahitaji kitabu muhula mzima.

Tokeni Moshi alfajiri mfike Muheza mchana. Kuleni hapo, jazeni mafuta, toeni fedha taslimu, kisha muanze kupanda. Ni kama kilomita 35 hadi Amani, lakini msizihesabu kwa kilomita, hesabuni saa mbili. Barabara ni ya udongo, na mkishapita lango la Zigi inaanza kujikunja kona baada ya kona. Gari liwe la kunyanyuka. Mwezi wa saba kwa kawaida hupitika vizuri, lakini Amani hunyesha hata kiangazi, kwa hiyo pigeni simu hifadhini siku mbili kabla mkaulize hali ya njia. Pale langoni pana nyumba ya zamani ya mbao iliyokuwa stesheni: Wajerumani walileta reli ndogo kutoka Tengeni hadi Zigi kuteremsha magogo. Mshusheni mama anyooshe miguu hapo. Hewa inakuwa imeshabadilika, na mto mnausikia kabla hamjauona.

Juu, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, ndipo palipo bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 pamoja na kituo cha utafiti. Walileta miti kutoka kila pembe ya nchi za joto wajaribu ipi itawalipa. Mingi bado imesimama, na sehemu kubwa ya bustani hiyo mama anaweza kuizunguka kwa gari, akishuka pale anapotaka. Lakini mwambieni mwongozaji awaonyeshe mhesi. Ni mti mgeni ulioletwa kutoka upande wa magharibi, nao umekuwa tatizo kubwa la msitu huu. Matunda yake yanapendwa na hondohondo, na hondohondo akishakula hutupa mbegu kila anapopita; mti mrefu ukianguka msituni na mwanga ukaingia, mhesi ndio unaotangulia kuota. Watoto wataona wenyewe jinsi kosa la watu walioishi miaka mia moja iliyopita linavyoendelea kuzaa.

Kisha awaonyeshe msambu. Huu ni wa hapa hapa, Tao la Mashariki tu. Tunda lake ni kubwa kuliko papai, linaning'inia juu kabisa, na likiiva huanguka lenyewe kwa kishindo. Watu wa vijiji vya Amani huokota mbegu zake kwa ajili ya mafuta. Ukiona mtu anapita msituni na kapu la mbegu za rangi ya kahawia, mpe salamu na umuulize. Watu wa huku hawana haraka na maswali.

Ua linaloitwa Saintpaulia nataka mlitafute kwa miguu, na hata mama nampa njia yake. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi hii ya Usambara na Tanga, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina hilo. Leo limo kwenye vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba kwao ni hapa. Kwao hasa ni kwenye jiwe. Mtalikuta kando ya kijito, kwenye kivuli ambacho jua halifiki, limeshikilia ubavu wa mwamba ambapo huwezi kuamini pana udongo. Majani ni manene na yana vinyweleo. Ukiinamisha uso karibu unaona tone la maji limesimama juu ya vinyweleo hivyo bila kugusa jani lenyewe. Ua ni dogo, zambarau, na katikati lina vichwa viwili vya manjano kama punje za mtama. Msichume, hata jani. Jani moja la Saintpaulia linatosha kuotesha mche mzima, na ndiyo sababu wenye tamaa huiba majani. Likumbukeni hilo ua, maana mtalikuta jamaa yake tena chini kabisa, kwenye miamba ya chokaa ya Amboni. Mto ni ule ule.

Mama tumtembezeje? Kwa maoni yangu, msimtembeze sana. Niliwahi kuongoza familia moja yenye bibi wa umri kama wa mama yenu. Wajukuu walitaka kupanda kilima cha Mbomole waone mawio, yeye akasema hapandi. Nikamwekea kiti karibu na kijito, mwanangu wa kwanza akabaki naye, tukaenda. Tuliporudi alitusimulia zaidi ya sisi tuliokwea. Alikuwa amesikia mtoto mchanga akilia juu ya miti, akaogopa, akasema dua, kisha akamwona: hondohondo mkubwa, mweusi kwa mweupe, na sauti yake ndiyo hiyo ya kilio. Baadaye walipita mbega juu yake, mmoja mmoja, mikia myeupe ikining'inia. Hakuinuka kitini. Basi mama naye apewe kiti, shuka la kujifunika kwa sababu asubuhi ni baridi, na mwongozaji mtu mzima anayejua mitishamba. Wazee wakikaa pamoja mbele ya majani hawahitaji mkalimani. Kama mama amelelewa kihambani, watalinganisha dawa ya huku na ya kwao mpaka jua lizame. Mchana mpelekeni kwenye mashamba ya viungo ya wanakijiji, aone iliki inavyozaa chini kwenye shina na pilipili manga inavyopanda juu ya mti mwingine. Huko gari linafika.

Watoto usiku wao ni wa vinyonga. Mwongozaji atawapitisha njia ya kawaida tu, na tochi. Mchana kinyonga humwoni. Usiku akilala rangi yake hupauka, na mwanga ukimpiga anang'aa kwenye tawi kama karatasi. Mkubwa mwenye pembe puani watamwona haraka. Waambieni wamtafute yule mdogo, mrefu kama kidole cha mtoto, mwenye mkia mfupi na rangi ya jani kavu. Nimeona watoto wa mjini walioingia na simu mkononi wakaisahau kwenye mfuko saa nzima kwa ajili ya huyu mmoja. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, kwa sababu siafu wapo.

Kuhusu waongozaji: chukueni wa kijijini, na mlipeni vizuri. Vijiji vinavyozunguka msitu vimeshapoteza kipato zaidi ya mara moja. Kuanzia mwaka 2003 wakulima walifuga vipepeo: walipanda mimea ambayo viwavi hula, na kiwavi akishajifunga ndani ya ganda lake alisafirishwa nje ya nchi kwenda kwenye bustani za maonyesho. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai, biashara hiyo nayo ikasimama. Wakati huo huo kuna kishawishi cha kuchimba dhahabu kinyume cha sheria kwenye vijito, na matope ya uchimbaji yanashuka mpaka bwawa la Mabayani. Kijana anayelipwa kuonyesha kinyonga ana sababu ya kutoshika sururu. Naliamini hilo kwa sababu nawajua vijana wenyewe.

Siku ya nne mteremke. Mkifika Tanga mjini mchana, msijaze ratiba. Pitieni Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina, muone mji wa baiskeli. Boma la zamani la Wajerumani lenye makumbusho liko karibu na bahari na ni la saa moja. Wa miaka 13 asimuliwe vita vya Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wao kutoka India hapa, wakashindwa na jeshi la Wajerumani, na nyuki wa mizinga wakawashambulia watu katikati ya risasi. Jioni tafuteni samaki wa kupaka na mkate wa ufuta, muangalie bahari.

Amboni nendeni asubuhi ya siku ya tano, kilomita 8 tu kutoka mjini. Watu wanauliza kama yanafaa kwa wazee. Nasema hivi: mama aingie chumba cha kwanza, kilicho kirefu kwenda juu na chenye mwanga kidogo, kisha arudi nje kivulini. Ndani zaidi kuna mahali pa kuinama, mahali pa kujipenyeza kwa ubavu, na sakafu huteleza kwa kinyesi cha popo. Mawe haya ni chokaa iliyojijenga chini ya bahari enzi za dinosari, maji ya mvua na ya mto yakayala polepole, na matone yakaacha nguzo na mapazia ya mawe. Waongozaji watawasimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu miaka ya 1950 wakiwindwa na polisi wa mkoloni. Watawaambia pia kwamba pango moja linatokea Kilimanjaro, na kuna kisa cha mbwa aliyeingia hapa akakutwa huko kwenu. Waacheni watoto wafurahie, halafu mwaambie kwamba waliopima mapango haya miaka ya 1990 hawakukuta hata moja linalofikisha kilomita.

Ndani ya pango moja mtakuta mzimu, yaani mahali pa kutambikia. Kuna chupa za marashi, vitambaa vyekundu na vyeupe, sarafu, vyungu vidogo, nazi. Watu wanakuja hapa kuomba mtoto, kuomba afya, na wengine wametoka mbali. Msiguse kitu, msipige picha bila kuuliza, na mkimkuta mtu anaomba, simameni mpaka amalize. Siwaambii muamini. Pale mnaingia kwenye ibada ya mtu, na adabu yake ni ile ile ya kuingia msikitini au kanisani kwa wenyewe.

Kutoka Tanga kwenda Pangani mtafuata pwani kwenda kusini, na njiani mna vituo viwili vya lazima kwa mwalimu. Cha kwanza ni Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Alizaliwa maeneo hayo hayo, Vibambani, mwaka 1909. Mwalimu wa Kiswahili asipite pale bila kusimama. Cha pili ni Tongoni. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa, na jina linasema kweli: msikiti uliobaki kuta, na makaburi zaidi ya 40 ya kale, mengine yenye nguzo, nyingi zikiwa zimeanguka. Tazameni juu ya nguzo na kuta mtaona mashimo ya mviringo. Hapo ndipo zilipokuwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo; ziling'olewa na watu waliotaka ukumbusho. Vasco da Gama alikwama kwenye mafungu ya pwani hii, na mwezi wa kwanza mwaka 1499 aliichoma moto hapa meli yake São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Watoto wakae kimya dakika moja waisikie mikoko, inatosha. Mama atakaa chini ya mbuyu.

Mtapita Kigombe. Wavuvi wa pwani hii, wakitega wavu wa jarife kwenye kina kirefu, wamewahi kuvua silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dinosari mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu walianza kuonekana kwenye nyavu miaka ya 2000, na mwaka 2009 bahari hii ikafanywa hifadhi kwa ajili yake. Hamtamwona, anaishi chini mno. Lakini mkisimama Kigombe kununua samaki mjue mko juu ya nyumba yake.

Pangani ni mji uliolala, na ndivyo ninavyoupenda. Misafara ya pembe na ya watumwa ilikuwa ikiishia hapa, kwenye mdomo wa mto. Tembeeni polepole asubuhi, muone milango ya kuchonga na boma la zamani, na mwaeleze watoto habari za Abushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa, aliyeongoza upinzani pwani mwaka 1888 baada ya kampuni ya Kijerumani kuja kupandisha bendera yake. Alinyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mfundisheni wa miaka 9 kwa upole. Wa miaka 13 aambiwe yote.

Siku ya sita ni ya Maziwe. Mwezi wa saba kusi inavuma, kwa hiyo mashua iondoke mapema kabla upepo haujashika, na nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, mama abaki mjini. Miaka ya 1960 Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikitegemea kwa kutaga. Mwaka 1981 kilipotangazwa hifadhi, miti ilikuwa imekwisha na mchanga unaondoka. Leo maji yakijaa kinazama chote. Kasa bado wanarudi kutaga pale, kwa sababu hurudi pwani ileile, na mayai yakiachwa yatazama. Basi walinzi huyachimbua na kuyahamishia Ushongo, bara, wakayafukia upya, na baada ya kama miezi miwili vitoto hutoka. Ulizeni Pangani kama kuna shimo linalokaribia kuanguliwa siku zenu. Bahati hiyo ikiwaangukia, acheni kila kitu mwende. Saadani, mbuga inayogusa bahari, nimeiacha makusudi. Tembo wanaweza kusubiri safari nyingine.

Kuhusu fedha: ada za hifadhi na za mambo ya kale kwa Mtanzania ni ndogo sana ukilinganisha na za mgeni wa nje, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho, na kila malipo yawe kwa namba ya malipo ya serikali na risiti mkononi. Kitakachowala zaidi ni mafuta ya gari na mashua. Mashua tafuteni familia nyingine mchangie. Vyandarua ulizeni kabla ya kulipia chumba.

Nimemwekea mama jambo moja la mwisho. Jioni ya siku ya sita, watoto wakiwa wameshaoga chumvi, kodini mashua ya kupanda mto Pangani. Sio ya baharini, ya mtoni tu, maji yametulia na hata mwenye magoti anaingia kwa kushikwa mkono gatini. Mtapita kati ya mikoko, kisha minazi ambayo haina mwisho pande zote mbili, na ndege wanarudi kulala. Mkifika mbali na mji mwambieni nahodha azime mashine. Hapo mwambieni mama kwamba maji aliyoyakalia yametoka kwao. Karanga, Rau, Weruweru, vijito vyote anavyovijua vya upande wa kusini wa Kilimanjaro, vinaingia Nyumba ya Mungu, na vikitoka hapo vinakuwa mto huu. Mto umetoka mlimani kwao ukapita chini ya Upare na Usambara, umbali ule ule mliokuja kwa gari. Atainama atie mkono majini. Wamefanya hivyo wazee wote wa Moshi niliowaleta.